Tofali, Jua na Hesabu: Usanifu wa Majengo kwa Kompyuta na Mahitaji ya Bonde la Rukwa

Mvua zinapokatika, kuanzia mwezi Mei hadi Oktoba, ndipo msimu wa kufyatua na kuchoma matofali unapoanza katika vijiji vya magharibi mwa Tanzania. Udongo hukandwa, matofali hufyatuliwa na kuanikwa juani, kisha hupangwa kuwa tanuri na kuwashiwa kuni kwa siku kadhaa mfululizo. Nyumba inayopatikana ni imara kuliko ile ya miti na udongo, na mwenye nyumba ana haki ya kujivunia. Lakini kuni zile hutoka katika misitu ya miombo, na msitu hauoti upya kwa kasi ya tanuri.

Makala haya yanachukua Mamba kuwa mfano wake. Mamba iko Mpimbwe, katika sehemu ya kaskazini ya Bonde la Rukwa, kwenye Mkoa wa Katavi, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kuugawa Mkoa wa Rukwa. Swali letu ni hili: iwapo wananchi wa mahali kama Mamba wangetaka kujenga chumba cha darasa kisichokula msitu, kisichowapika wanafunzi mchana, na kisichowaangukia siku ardhi itakapotikisika, je, elimu ya kisasa ya kusanifu majengo kwa kompyuta ingewasaidia nini?

Tatizo lenyewe

Swali la vifaa vya ujenzi si geni nchini mwetu. Mwaka 1971 kilianzishwa mjini Dar es Salaam Kitengo cha Utafiti wa Majengo, ambacho mwaka 2001 kilifanywa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Mwaka 1977, Mwalimu Julius Nyerere alipolipima Azimio la Arusha baada ya miaka kumi, alisikitikia tabia ya watu kungojea saruji na mabati huku wakidharau tofali la kuchoma na kigae. Hoja yake ilikuwa ya kujitegemea, na haijapoteza uzito wake. Hata hivyo, tangu wakati ule idadi ya watu imeongezeka mara kadhaa, na tofali la kuchoma, lililokuwa jibu, limegeuka kuwa sehemu ya swali.

Tuangalie sababu zake za kisayansi. Ili udongo wa mfinyanzi ugeuke kuwa tofali gumu lisilolainishwa na maji, sharti upashwe moto hadi kufikia nyuzi za Selsiasi 900 au zaidi. Tanuri la kienyeji halina ukuta wa kuzuia joto, hivyo sehemu kubwa ya nguvu ya kuni hupotea hewani. Saruji nayo ina gharama yake. Kiwandani chokaa ghafi huchomwa pamoja na udongo kwa joto la nyuzi 1,450 hivi. Mwanafunzi wa kemia anajua kwamba gramu 100 za kalisi kabonati zikichomwa hutoa gramu 44 za kaboni dioksidi. Hiyo ni mbali na moshi wa makaa au gesi iliyotumika kuchomea. Ndiyo maana viwanda vya saruji duniani hukadiriwa kutoa asilimia 7 hadi 8 ya kaboni dioksidi yote inayotokana na shughuli za binadamu.

Ipo njia ya tatu, nayo ni tofali la udongo wa kushindiliwa. Udongo wenye unyevu kidogo huchanganywa na saruji chache, hutiwa katika mashine ya mkono, na hukandamizwa kwa mtaimbo mrefu. Mashine ya kwanza ya aina hiyo iliyoenea duniani, CINVA-Ram, ilibuniwa nchini Kolombia katika miaka ya 1950 na mhandisi Raúl Ramírez. Tofali lake halichomwi. Lakini lina udhaifu: hustahimili sana kugandamizwa, wala halistahimili kuvutwa au kupindwa. Hapo ndipo umbo la jengo linapoanza kuwa na maana kubwa, na hapo ndipo hesabu inapoingia.

Mnyororo unaofundisha tao

Shika mnyororo kwa ncha zake mbili na uuache uning'inie. Kila pete ya mnyororo huo inavutwa tu. Hakuna inayosukumwa wala kupindwa, kwa kuwa mnyororo hauwezi kuhimili kupindwa. Sasa fikiria umbo lile limegandishwa kisha limegeuzwa juu chini. Kila kani iliyokuwa ya mvutano inakuwa ya mgandamizo. Umepata tao ambalo kila tofali lake linagandamizwa tu, na hivyo linabaki katika hali ambayo tofali la udongo huimudu vyema. Ukweli huu ulitangazwa na Mwingereza Robert Hooke mwaka 1675. Miaka zaidi ya 200 baadaye msanifu Antoni Gaudí wa Hispania alining'iniza nyuzi zenye vifuko vya risasi ili apate umbo la kanisa alilokuwa akilisanifu.

Kani inayosukuma kuta za tao huweza kukadiriwa kwa mlinganyo mfupi. Ikiwa w ni uzito kwa kila mita, L ni upana kati ya kuta, na f ni kimo cha tao, basi msukumo wa mlalo H ni w mara L mara L, gawanya kwa 8f. Tuseme darasa letu lina upana wa mita 6, na kila mita ya tao, tukipima ukanda wenye upana wa mita moja, ina uzito wa kilonyutoni 2. Kimo kikiwa mita 1.5, msukumo ni 2 × 36 ÷ 12, yaani kilonyutoni 6. Tukipunguza kimo hicho kwa nusu ili kuokoa matofali, msukumo unakuwa kilonyutoni 12. Tao lililolala husukuma kuta kwa nguvu maradufu, na fundi aliyedhani amebana matumizi atalazimika kununua nondo au kujenga nguzo nene za kuegemeza kuta.

Hesabu hiyo inatosha kwa tao moja lenye uzito uliosambaa sawasawa. Paa la kweli lina pembe, madirisha, mikunjo ya pande mbili na uzito usiolingana. Mnyororo mmoja hugeuka kuwa wavu wenye mafundo mamia, na kila fundo lina milinganyo yake mitatu, ambayo yote lazima itatuliwe kwa pamoja. Katika miaka ya mwanzo ya 1970, wataalamu wa Kijerumani, miongoni mwao Klaus Linkwitz na Hans-Jörg Schek, walitunga njia ya kuyatafuta maumbo ya nyavu kwa kompyuta, walipokuwa wakishughulikia mapaa ya Uwanja wa Olimpiki wa Munich wa mwaka 1972. Mwaka 2009 Philippe Block alikamilisha katika chuo cha MIT, Marekani, utafiti uliopanua fikra hiyo kwa majengo ya mawe na matofali. Kwa njia hizo kompyuta hung'iniza wavu wa kufikirika, huubadili kidogo kidogo mpaka mafundo yote yatulie, kisha huupindua na kumpa msanifu umbo la paa.

Matunda yake katika Afrika

Elimu hii haikubaki vitabuni. Nchini Afrika Kusini, kituo cha wageni cha Mapungubwe, kilichosanifiwa na Peter Rich pamoja na wahandisi John Ochsendorf na Michael Ramage, kilijengwa kwa mapaa ya matao ya vigae vyembamba vya udongo na saruji. Vigae hivyo, vipatavyo 200,000, vilitengenezwa na wakazi wa eneo hilo ambao hawakuwa na ajira. Mwaka 2009 kituo hicho kilitunukiwa heshima ya kuwa jengo bora la mwaka duniani katika Tamasha la Usanifu la Dunia. Mjini Addis Ababa, mwaka 2010, walimu na wanafunzi wa Ethiopia wakishirikiana na chuo cha ETH cha Zurich walijenga nyumba ya mfano ya ghorofa moja ambayo sakafu yake ya juu na paa lake vilishikiliwa na matao ya vigae vya udongo.

Karibu zaidi nasi ni uwanja wa kriketi wa Gahanga, mjini Kigali, uliofunguliwa mwaka 2017. Paa lake lina matao yanayofanana na njia ya mpira unaodundadunda, na tao kubwa lina upana wa mita 16 hivi. Vigae vilikandamizwa kwa mashine za mkono kutokana na udongo wa hapohapo na saruji kidogo, bila kuchomwa. Kati ya tabaka na tabaka wajenzi walitandaza wavu wa plastiki ngumu, kwa kuwa Rwanda nayo ina matetemeko. Jambo la kuzingatia ni kwamba kompyuta ilitoa umbo, lakini kazi ya kubandika kigae kwa kigae ilifanywa kwa mikono ya mafundi waliofundishwa palepale kazini.

Jua la Mamba si jua la Dar es Salaam

Uimara ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni joto na mwanga. Mamba iko karibu na nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Tarehe 21 Juni, jua liko nyuzi 23.5 kaskazini, kwa hiyo saa ya adhuhuri hupita nyuzi 30.5 kaskazini mwa utosi. Tarehe 21 au 22 Desemba hupita nyuzi 16.5 kusini mwa utosi. Katika siku za mwanzo za Machi na za kati ya Oktoba hupita utosini hasa.

Kutokana na tarakimu hizo twaweza kupata urefu wa upenu. Dirisha lenye kimo cha mita 1.2 kwenye ukuta wa kaskazini litafunikwa lote na kivuli cha adhuhuri ya Juni iwapo upenu ulio sawa na ukingo wake wa juu utatokeza mita 1.2 mara tanjenti ya nyuzi 30.5, yaani sentimita 71. Upande wa kusini zinatosha sentimita 36. Lakini upande wa mashariki, mnamo Machi au Septemba, saa mbili baada ya jua kuchomoza, jua liko nyuzi 30 tu juu ya upeo wa macho, na upenu unaohitajika ni zaidi ya mita 2. Hakuna kenchi ya kawaida itakayotokeza hivyo. Somo lake ni jepesi: kuta ndefu zenye madirisha zielekee kaskazini na kusini, na kuta fupi za mashariki na magharibi ziachwe bila madirisha au ziwe nayo machache.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hulisahau. Saa zetu hufuata mstari wa longitudo 45 mashariki, ilhali Mamba iko karibu na nyuzi 31. Tofauti ya nyuzi 14, kwa dakika 4 kila moja, ni dakika 56. Maana yake, jua la Mamba hufika juu kabisa karibu na saa 7 mchana kwa saa ya ukutani, wala si saa 6. Msanifu anayekaa Dar es Salaam, ambako tofauti hiyo haizidi dakika 25, akitumia ratiba yake bila kurekebisha, atakosea kukadiria saa ambazo darasa litapata joto kali.

Ukuta mnene nao una tabia yake. Joto la mchana hulipenya tofali la udongo polepole, na hutokeza ndani saa kadhaa baadaye. Kwa darasa hilo ni faida, maana jioni wanafunzi wamekwisha ondoka. Kwa bweni ni hasara, maana ndipo wanapolala. Ukuta uleule ni rafiki wa jengo moja na adui wa jengo jingine.

Nyumba 18,000 kwa siku moja

Sasa tuyakusanye mambo yote. Tuseme twataka kujaribu urefu 10 wa upenu, ukubwa 10 wa madirisha, unene 5 wa kuta, na mielekeo 36 ya jengo. Kwa kuzidisha tunapata nyumba 18,000 zinazowezekana. Mwaka una saa 8,760, na kila saa ina jua, upepo na joto lake. Hesabu zinazohitajika ni 157,680,000. Mtu anayefanya hesabu moja kwa dakika, usiku na mchana bila kula wala kulala, atamaliza baada ya miaka 300. Kompyuta ndogo ya mezani hazihitaji hata mwezi, na kwa njia zilizorahisishwa huzimaliza kwa siku moja.

Tena si lazima ijaribu zote. Zipo programu zinazofanya kama mkulima anayechagua mbegu za mahindi. Huanza na nyumba chache zilizobuniwa kwa bahati nasibu, huzipima, huzitupa zilizo duni, huchanganya tabia za zile bora, kisha huzipima tena. Baada ya vizazi kadhaa hubaki nyumba zinazofaa. Baadhi ya programu za kazi hii hutolewa bila malipo, kama vile EnergyPlus ya Wizara ya Nishati ya Marekani, inayokadiria joto la majengo, na COMPAS ya watafiti wa ETH Zurich, inayoshughulika na maumbo na kani.

Je, Mamba ijenge matao?

Baada ya kusoma habari za Kigali, msomaji aweza kudhani kwamba jibu limekwisha patikana. Polepole. Bonde la Rukwa ni sehemu ya mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, na ardhi yake haijatulia. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko lenye ukubwa wa 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopimwa barani Afrika katika karne ya ishirini. Tarehe 5 Desemba 2005 lilitokea jingine la 6.8 katika Ziwa Tanganyika. Na tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la 5.9 liliua watu zaidi ya 15 mkoani Kagera na kuziangusha nyumba nyingi za matofali yasiyokuwa na mikanda.

Kanuni ya pili ya Newton yasema kwamba kani ni tungamo mara mchapuko. Bati, pamoja na misumari yake, halizidi sana kilo 5 kwa kila mita ya mraba. Tao la udongo lenye unene wa sentimita 10 lina kilo 190 hivi. Ardhi ikitikisika kwa mchapuko wa mita 1 kwa sekunde mraba, paa la bati linazisukuma kuta kwa nyutoni 5 kwa kila mita ya mraba, na la tao kwa nyutoni 190. Bati tunalolilaumu kwa joto na kelele za mvua ndilo lenye huruma siku ya tetemeko.

Basi kompyuta haiamui. Hutuwekea mizani mbele yetu. Upande mmoja pana kuni, saruji, joto na fedha. Upande wa pili pana usalama wa watoto. Kwa Mamba, mizani hiyo yaweza kuelemea kwenye jengo la kawaida kabisa kwa macho: kuta za tofali la kushindiliwa, mkanda wa zege wenye nondo kuzunguka kuta zote, ule ambao mafundi huuita linta, kenchi nyepesi za mbao na bati, dari la kuzuia joto, matundu ya kupitisha hewa, na upenu uliopimwa kwa jua la pale. Tao laweza kufaa mahali pengine, au hapohapo kwa upana mdogo, likiwa na wavu na nguzo za kuliegemeza. Kinachookolewa na hesabu si lazima kionekane kwenye picha.

Mashine bila vipimo

Ipo tahadhari ya mwisho. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mashine za gharama kubwa kushindwa kuleta manufaa yaliyotarajiwa. Siku hizi mashine ni nafuu na zuio hilo limekwisha kitambo, lakini funzo limebaki: kompyuta haijui udongo wa Mamba mpaka mtu aupime. Ikilishwa nguvu ya tofali lililotengenezwa nchi nyingine, itatoa jibu safi lenye tarakimu nyingi, nalo litakuwa la uongo. Vipimo lazima vitoke mahali jengo litakaposimama, na wanaoweza kuvichukua ni watu walioko huko, walimu na wanafunzi wakiwa wa kwanza.

Kazi kwa shule

Majaribio matatu yafuatayo hayahitaji kompyuta, na kila moja hutoa tarakimu ambazo kompyuta ingezitaka.

Kwanza, simika kijiti chenye urefu wa mita 1 mahali pa wazi. Pima kivuli chake kila robo saa kuanzia saa 5 hadi saa 9 mchana. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho adhuhuri ya kweli ya shule yenu. Kutokana na urefu wake tafuteni pembe ya jua kwa tanjenti, kisha kokotoeni upenu unaofaa kwa madirisha ya darasa lenu, mlinganishe na upenu uliopo.

Pili, jaza chupa angavu nusu yake kwa udongo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, uiache itulie kwa siku nzima. Mchanga utakaa chini, mchangatope katikati, na mfinyanzi juu. Pimeni kila tabaka. Kisha tengenezeni kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana na kina cha sentimita 4. Kipakeni mafuta, jazeni udongo uliolowa, na mkianike. Kadiri udongo unavyosinyaa zaidi, ndivyo una mfinyanzi mwingi, na ndivyo tofali lake litakavyohitaji kiimarishi zaidi.

Tatu, ning'inizeni mnyororo mwembamba mbele ya ubao, na mchore umbo lake kwa chaki. Badilisheni kina chake, na kwa kila umbo kokotoeni H kwa mlinganyo tuliouona. Ongezeni kizito upande mmoja, mtazame umbo linavyobadilika: ndivyo tao linavyotaka kubadilika pia linapoelemewa upande mmoja, na lisipoweza, hupasuka.

Shule itakayoyaandika majibu yake vizuri, kwa tarehe na vipimo, na kuyahifadhi mwaka baada ya mwaka, itakuwa imemtayarishia msanifu wa kesho kitu ambacho hakuna programu inayoweza kukibuni: ukweli kuhusu jua na udongo wa mahali pake. Siku halmashauri itakapotaka kuongeza darasa, daftari hilo liwekwe mezani kabla ya mti wa kwanza kukatwa.